Edgar Codd: Mtu Aliyetaka Hifadhidata Iulizwe Hata na Mgeni

Watahiniwa wengi hukariri amri za hifadhidata kama wanavyokariri majina ya mito: .tables, .schema, \dt, SHOW TABLES. Wakiingia katika chumba cha mtihani zinachanganyika, kwa sababu hawajui zilitoka wapi wala kila moja inazungumza na nani. Sura hii inafuata maisha ya Edgar Frank Codd, mwanahisabati ambaye wazo lake ndilo chimbuko la amri hizo. Ukiyaelewa maisha yake, utaelewa kwa nini amri hizo zipo, na utakuwa na machache ya kukariri.

Baada ya kusoma sura hii uweze:
(a) kueleza maisha na mchango wa Edgar Codd kwa mpangilio wa miaka;
(b) kueleza tofauti kati ya amri ya ndani ya programu na sentensi ya lugha ya SQL;
(c) kutumia amri za ndani kuichunguza hifadhidata ambayo hukuitengeneza wewe.

1. Utoto, shule na vita

Edgar Codd alizaliwa Agosti 1923 katika kisiwa cha Portland, jimbo la Dorset, pwani ya kusini ya Uingereza. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa bidhaa za ngozi na mama yake alikuwa mwalimu. Alisoma sekondari mjini Poole, kisha akapata ufadhili kamili wa kusoma katika Chuo cha Exeter, Chuo Kikuu cha Oxford. Alianza na kemia mwaka 1941.

Wakati huo Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi, Codd alikuwa na haki ya kuahirishiwa utumishi wa jeshi. Hakuitumia haki hiyo. Mwaka 1942 alijitolea, akawa rubani katika Jeshi la Anga la Uingereza, akirusha ndege za Sunderland. Hizi zilikuwa ndege kubwa zinazotua juu ya maji, na kazi yake ilikuwa doria za baharini. Sehemu ya mafunzo yake ya urubani aliipata Marekani, na nchi hiyo ilimvutia.

Vita vilipokwisha alirudi Oxford, akaacha kemia na kuhamia hisabati. Alipata shahada yake mwaka 1948. Shika jambo hili, kwa sababu litarudi mbele: silaha ya Codd ilikuwa hisabati, hasa mada ya seti ambayo nawe umeisoma katika kitabu chako cha Hisabati.

2. Kutoka duka la nguo hadi kwenye kompyuta

Mwaka huo huo wa 1948 alihamia Marekani. Hakupokewa na kazi kubwa. Kwa muda mfupi alikuwa muuzaji katika duka la Macy's mjini New York, upande wa mavazi ya michezo ya wanaume. Baadaye alifundisha hisabati kwa miezi sita katika Chuo Kikuu cha Tennessee. Mwaka 1949 aliajiriwa na kampuni ya IBM mjini New York kuandika programu za mashine iliyoitwa SSEC, moja ya mashine kubwa za kukokotoa za kizazi cha mwanzo.

Mwaka 1953 aliacha kazi na kuondoka Marekani. Siku hizo seneta Joseph McCarthy alikuwa akiongoza msako wa watu walioshukiwa kuwa na siasa za kikomunisti, na wengi walipoteza kazi kwa tuhuma tu. Codd hakukubaliana na hali hiyo, akahamia Ottawa, Kanada. Alirudi IBM mwaka 1957, baada ya kukutana kwa bahati na aliyekuwa mkuu wake wa kazi.

Baada ya kurudi alishiriki katika kutengeneza kompyuta iliyoitwa STRETCH. Sehemu yake ilikuwa kuiwezesha kompyuta moja kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja. Mwaka 1961, akiwa na umri unaokaribia miaka 40, alirudi darasani kwa ufadhili wa IBM katika Chuo Kikuu cha Michigan, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1965. Baadaye alihamia maabara ya utafiti ya IBM mjini San Jose, jimbo la California. Huko ndiko alikofanya kazi iliyomfanya ajulikane duniani.

3. Tatizo alilolikuta

Miaka ya 1960 kampuni na serikali zilikuwa zimeanza kuweka kumbukumbu zao katika kompyuta. IBM yenyewe ilikuwa na mfumo maarufu ulioitwa IMS, uliozaliwa katika maandalizi ya safari za Apollo za kwenda mwezini, ambapo orodha ya vipuri ilikuwa ndefu mno. IMS ilipanga data kama mti: shina, matawi, na vitawi.

Tuchukue mfano wa nyumbani ili tuone ugumu ulikuwa wapi. Fikiria umepewa kazi ya kuhifadhi habari za mazao yanayolimwa kwenye milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Ukizipanga kama mti, shina litakuwa milima yenyewe, matawi yatakuwa maeneo kama Mgeta, Kinole na Matombo, na chini ya kila tawi utaandika mazao yake. Mtu akiuliza Mgeta wanalima nini, kazi ni rahisi: unashuka kwenye tawi la Mgeta na kusoma. Lakini akiuliza ndizi zinalimwa wapi, itakubidi upite tawi moja baada ya jingine, uingie kila mahali na kutoka. Data ni zile zile, ila swali la kwanza ni jepesi na la pili ni zito, kwa sababu tu ya jinsi mtu fulani alivyoamua kupanga.

Mbaya zaidi, kila programu ilipaswa kujua njia hizo. Ukibadilisha mpangilio, programu zilizoandikwa mwanzo zinaharibika. Na mtu asiyejua mpangilio hawezi kuuliza lolote. Ni kama mgeni aliyeshushwa na basi milimani bila mwenyeji: njia za miguu zipo nyingi, lakini anayezijua ni aliyezaliwa pale. Kwa hiyo meneja, daktari au ofisa aliyetaka jibu alilazimika kumwomba mtaalamu wa programu amwandikie programu mpya, kisha asubiri.

4. Makala ya mwaka 1970

Codd aliandika wazo lake kwanza kama ripoti ya ndani ya IBM mwaka 1969. Juni 1970 alilichapisha katika jarida la chama cha wanasayansi wa kompyuta cha ACM. Makala hiyo ndiyo mwanzo wa hifadhidata ya uhusiano.

Alipendekeza mambo matatu ambayo mtahiniwa anapaswa kuyajua.

Kwanza, data zote ziwekwe katika majedwali. Kila jedwali liwe na safuwima zenye majina, na safumlalo ambazo kila moja inabeba habari ya kitu kimoja.

Pili, mpangilio wa safumlalo usiwe na maana yoyote. Kama ilivyo katika seti, haijalishi kipi kimetajwa kwanza. Kinachotambulisha safumlalo ni thamani iliyomo ndani yake, hasa ile ya ufunguo.

Tatu, mtumiaji aseme anataka nini, na kompyuta itafute njia yenyewe ya kukipata. Jinsi data zilivyokaa kwenye diski isiwe kazi ya muulizaji.

Rudi sasa kwenye mazao ya Uluguru. Kwa mtindo wa Codd tunakuwa na jedwali moja, tuliite mazao, lenye safuwima mbili: eneo na zao. Swali la Mgeta na swali la ndizi yanakuwa na uzito sawa, kwani katika jedwali hakuna shina wala tawi.

Miaka miwili iliyofuata Codd alieleza pia kanuni za kugawanya majedwali ili habari moja isirudiwe katika sehemu nyingi. Hizo ndizo hatua za urekebishaji wa majedwali: umbo la kwanza, la pili na la tatu.

5. Upinzani, nje na ndani ya nyumba

Wazo zuri halipokelewi siku hiyo hiyo. IBM ilikuwa ikipata fedha nyingi kwa IMS, na mtumishi wake mwenyewe alikuwa akieleza hadharani kwamba mtindo wa IMS una kasoro. Wapo waliosema kwamba majedwali ni hisabati tupu, na kwamba kompyuta haitaweza kutafuta njia kwa haraka kama mtaalamu wa programu.

Mwaka 1974, katika mkutano uliofanyika Ann Arbor, Michigan, yalifanyika mabishano makubwa kati ya pande mbili. Upande mmoja alisimama Charles Bachman, bingwa aliyekuwa amepata Tuzo ya Turing mwaka 1973. Yeye alimwona mtaalamu wa programu kama nahodha anayeongoza chombo kutoka rekodi moja hadi nyingine. Upande wa pili alisimama Codd, akitetea kwamba mtumiaji asilazimishwe kuwa nahodha.

Wakati mabishano yakiendelea, watu walikuwa kazini. Katika maabara ya San Jose, IBM ilianzisha mradi wa majaribio ulioitwa System R. Ndani yake vijana wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walibuni lugha ya kuuliza majedwali. Iliitwa SEQUEL, na baadaye jina likafupishwa kuwa SQL. Boyce alifariki mwaka 1974 akiwa bado kijana, kabla ya kuona lugha hiyo ikienea. Huko Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Michael Stonebraker na Eugene Wong walitengeneza mfumo mwingine ulioitwa Ingres. Kampuni ndogo ambayo baadaye iliitwa Oracle iliuza hifadhidata yake ya SQL mwaka 1979. IBM, nyumba alimozaliwa mtoto, ilianza kuuza ya kwake mwaka 1981.

Codd mwenyewe katika miaka hiyo alikuwa akitengeneza mfumo ulioitwa Rendezvous. Ulikusudiwa kwa mtu asiye na utaalamu wowote: aulize kwa Kiingereza cha kawaida, na kompyuta ikiona swali halieleweki, imrudishie maswali ya kufafanua mpaka waelewane. Mfumo huo haukuenea, lakini unaonyesha aliyekuwa akimtetea. Alimtetea mgeni, mtu anayekuja mbele ya data akiwa na swali na hana mwenyeji.

6. Kanuni ya nne

Mwaka 1981 Codd alipewa Tuzo ya Turing, heshima ya juu kabisa katika sayansi ya kompyuta. Aliondoka IBM mwaka 1984. Kufikia wakati huo majedwali yalikuwa yamependwa, na kampuni kadhaa zilianza kuzibandika hifadhidata zao za zamani jina la hifadhidata za uhusiano ili ziuzike. Codd alikasirishwa na jambo hilo. Mwaka 1985 alichapisha kanuni zinazojulikana kama kanuni 12 za Codd, ili mnunuzi aweze kupima mwenyewe.

Kwa mada yetu, kanuni muhimu ni ya nne. Inadai kwamba maelezo kuhusu hifadhidata yenyewe, yaani ina majedwali gani, kila jedwali lina safuwima gani na za aina gani, yawekwe nayo katika majedwali. Majedwali hayo ya maelezo huitwa katalogi. Na mtu mwenye ruhusa aweze kuiuliza katalogi kwa lugha ile ile anayoulizia data za kawaida.

Maana yake ni kubwa. Hifadhidata inayofuata kanuni hiyo inaweza kujieleza. Mgeni anayeikuta kwa mara ya kwanza hahitaji kumtafuta aliyeitengeneza, ambaye huenda amehama kazi au amefariki. Anaiuliza yenyewe: una nini ndani? Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Codd alitaka mashine nayo iwe tayari kuulizwa.

7. Amri za ndani: mlango wa katalogi

Sasa tuingie kwenye vitendo. Programu ya mstari wa amri ni ile unayoiandikia amri kwa kibodi, ukabonyeza Enter, ikakujibu hapo hapo kwa maandishi, kisha ikasubiri amri nyingine. Kila hifadhidata kubwa ina programu yake ya aina hii. SQLite ina sqlite3, MySQL ina mysql, na PostgreSQL, ambayo asili yake ni kazi ya Stonebraker kule Berkeley, ina psql.

Programu hizi hupokea vitu viwili tofauti.

Cha kwanza ni sentensi za SQL. Hizi zinaenda kwenye hifadhidata yenyewe. Huishia na nukta mkato (;), na zinaweza kuandikwa kwa mistari zaidi ya mmoja.

Cha pili ni amri za ndani. Hizi ni za programu unayoitumia, nazo si sehemu ya lugha ya SQL. Katika sqlite3 huanza na nukta. Katika psql huanza na mkwaju uliolala kinyume (\). Huandikwa kwa mstari mmoja na hazihitaji nukta mkato.

Tutumie sqlite3 kwa mazoezi, kwa sababu ni ya bure, ni ndogo, na ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti wala seva. Richard Hipp alianza kuitoa mwaka 2000, na leo SQLite imo ndani ya kila simu ya Android. Mwanafunzi wa Nyandira na mwanafunzi wa mjini Morogoro wanaweza kufanya zoezi hili sawasawa.

Chukulia umepewa faili la hifadhidata liitwalo uluguru.db. Hujui lina nini. Unalifungua hivi:

sqlite3 uluguru.db

Alama ya sqlite> inatokea, maana yake programu inakusubiri. Hatua ya kwanza ya mgeni ni kuuliza kuna majedwali gani:

sqlite> .tables
mazao  mito

Yapo mawili. Ili kujua safuwima za jedwali la mazao, andika .schema mazao. Programu itakuonyesha sentensi iliyotumika kulitengeneza jedwali hilo, na ndani yake utaona safuwima za eneo na zao. Sasa unajua majina sahihi, unaweza kuuliza kwa SQL. Kabla ya hapo, panga jibu lisomeke vizuri kwa amri mbili za ndani:

sqlite> .headers on
sqlite> .mode column
sqlite> SELECT zao FROM mazao WHERE eneo = 'Mgeta';
zao
-------
kabichi
karoti
viazi

Na lile swali lililokuwa zito katika mti:

sqlite> SELECT eneo FROM mazao WHERE zao = 'ndizi';
eneo
-------
Kinole
Matombo

Ukitaka kutoka, andika .quit. Ukisahau amri, andika .help, nayo itakuorodheshea zote.

Sasa angalia jambo ambalo lingemfurahisha Codd. Jibu ulilopata kwa .tables unaweza kulipata kwa SQL ya kawaida, kwa kuiuliza katalogi, ambayo katika SQLite ni jedwali liitwalo sqlite_master:

sqlite> SELECT name FROM sqlite_master WHERE type = 'table';
name
-----
mazao
mito

Kwa hiyo .tables ni njia ya mkato. Nyuma ya pazia programu inaiuliza katalogi kwa niaba yako. Katika psql unaweza hata kuishuhudia ikifanya hivyo: ukiianzisha kwa kuongeza -E, kila ukiandika amri kama \dt, itakuonyesha sentensi ya SQL iliyotumika kupata jibu. Hiyo ndiyo kanuni ya nne ikiwa kazini.

8. Ulinganisho wa programu tatu

Kuona majedwali: sqlite3 ni .tables; psql ni \dt; mysql ni SHOW TABLES;
Kuona muundo wa jedwali la mazao: sqlite3 ni .schema mazao; psql ni \d mazao; mysql ni DESCRIBE mazao;
Kupata msaada: sqlite3 ni .help, psql ni \? kwa amri za ndani na \h kwa SQL. Mysql ni help
Kuendesha amri zilizo katika faili: sqlite3 ni .read; psql ni \i; mysql ni source
Kutoka: sqlite3 ni .quit, psql ni \q, mysql ni quit

Zingatia sana upande wa mysql. SHOW TABLES na DESCRIBE si amri za ndani. Zinapelekwa kwenye seva kama sentensi nyingine zozote, ndiyo maana huishia na nukta mkato. Lakini help, source na quit ni za programu yenyewe. Hapa ndipo watahiniwa wengi hupoteza alama: wanajibu kwamba amri zote fupi ni amri za ndani. Kipimo sahihi si ufupi. Jiulize: anayeielewa amri hii ni programu niliyoifungua, au ni hifadhidata iliyo nyuma yake?

9. Makosa ya kuepuka

Kosa la kwanza ni kusahau nukta mkato baada ya SQL. Ukibonyeza Enter bila kuiweka, sqlite3 itaonyesha alama ya ...> na kunyamaza. Haijaharibika. Inasubiri umalize sentensi. Andika, kisha bonyeza Enter.

Kosa la pili hufuata la kwanza. Mwanafunzi akiona ...> hutaharuki na kuandika .tables au .quit. Katikati ya sentensi ya SQL amri ya ndani haitambuliki. Maneno hayo yataunganishwa na sentensi iliyoanza, na utapata ujumbe wa kosa. Maliza sentensi kwanza.

Kosa la tatu ni kutumia amri ya programu moja katika nyingine. Kuandika \dt ndani ya sqlite3, au .tables ndani ya psql, hakutakupa majedwali. Tazama kwanza alama inayokusubiri: sqlite> na mysql> zinajitaja zenyewe, na psql huonyesha jina la hifadhidata likifuatiwa na => au =#.

Kosa la nne ni kubahatisha majina. Mtu anaandika SELECT jina FROM mazao na kuambiwa hakuna safuwima hiyo, kisha anabahatisha jingine, na jingine. Dakika zinapita. Angeandika .schema mazao mara moja angejua. Uliza kabla ya kukisia.

10. Mwisho wa maisha yake

Codd hakuridhika kamwe. Hata SQL, lugha iliyozaliwa kutokana na wazo lake, aliikosoa. Alilalamika, kwa mfano, kwamba inaruhusu safumlalo mbili zinazofanana kabisa ndani ya jedwali, jambo lisilowezekana katika seti ya kihisabati. Pamoja na ukosoaji huo, SQL ilikubaliwa kuwa lugha sanifu nchini Marekani mwaka 1986 na kimataifa mwaka 1987, na haijaondolewa hadi leo.

Edgar Codd alifariki Aprili 18, 2003 katika jimbo la Florida, Marekani, akiwa na umri wa miaka 79. Mwaka 2004 tuzo ya ubunifu inayotolewa kwa wataalamu wa hifadhidata na chama cha ACM ilipewa jina lake.

Rubani wa vita, muuza nguo, mwalimu wa muda, mwanafunzi aliyerudi darasani akikaribia miaka 40: hakuna hatua hata moja iliyotabiri kwamba mtu huyu angebadilisha jinsi dunia inavyotunza kumbukumbu zake. Leo benki, hospitali na vyuo hutunza habari zao katika majedwali ya mtindo wake. Kijana wa Form Four anayefungua hifadhidata asiyoijua, akaandika amri moja na kuonyeshwa kilichomo, anatumia haki ambayo Codd aliipigania dhidi ya mabingwa wa wakati wake na dhidi ya maslahi ya mwajiri wake. Usione haya kuanza na .help.

Maswali ya marudio

1. Taja matukio matano ya maisha ya Edgar Codd kwa mpangilio wa miaka. (Alama 5)
2. Kwa kutumia mfano wa mazao ya Uluguru, eleza kwa nini swali moja lilikuwa jepesi na jingine zito katika mpangilio wa mti. (Alama 6)
3. Kanuni ya nne ya Codd inadai nini? Onyesha jinsi amri ya .tables inavyoitegemea kanuni hiyo. (Alama 6)
4. Panga zifuatazo katika makundi mawili, amri za ndani na sentensi zinazopelekwa kwenye hifadhidata: .schema, SHOW TABLES, \q, SELECT, source, DESCRIBE. (Alama 6)
5. Mwanafunzi ameandika SELECT zao FROM mazao katika sqlite3, akabonyeza Enter na kuona ...>. Eleza kilichotokea na afanye nini. (Alama 3)
6. Umepewa hifadhidata usiyoijua. Andika hatua nne utakazofuata hadi upate jibu la swali lako. (Alama 4)

Dokezo la majibu: Swali la 4, amri za ndani ni .schema, \q na source. Zilizobaki zinapelekwa kwenye hifadhidata. Swali la 6, mtahini anatarajia uifungue hifadhidata, uulize majedwali, uulize muundo wa jedwali unalolihitaji, kisha uandike sentensi ya SQL yenye majina sahihi na nukta mkato. Anayeruka hatua ya pili na ya tatu hubahatisha, na kubahatisha hakupewi alama.